Anayekunywa methadoni naye ameacha unga

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tumekaa barazani baada ya khitma huko Jang'ombe, Unguja, alipita kijana wa mtaani kwetu akirejea kutoka kliniki ya Kidongo Chekundu kunywa dozi yake ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga, yaani heroini, akatusalimu kwa heshima, na kabla hajafika konani mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema: "Huyo hajaacha kitu, kabadilisha muuzaji tu." Waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza kwa adabu ya mahali, na kunyamaza kule kumeninyima usingizi.

Mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, alivuta unga na hatimaye akaanza kujidunga. Tulimpeleka nyumba ya upataji nafuu, akakaa miezi minne, akatoka amenenepa na anawahi swala ya alfajiri, mama akapika pilau na kuita majirani. Siku ya kumi na moja alikutwa amekufa ndani ya pagala. Wenzake walituapia kwamba hakuzidisha kiasi alichokizoea zamani, nami nawaamini, kwa sababu baadaye nilielewa kilichotokea: mtu akikaa miezi bila unga, iwe ni hospitali, Chuo cha Mafunzo (yaani jela) au nyumba ya upataji nafuu, mwili wake hupoteza ustahimilivu, na kete ileile iliyokuwa ikimwondolea arosto, yale mateso ya kukosa unga, sasa humkata pumzi. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa. Sisi hatukuambiwa. Tulisherehekea tukidhani ndiyo kwanza amevuka, kumbe ndipo alipohitaji kushikwa mkono kuliko wakati wowote.

Hiyo ilikuwa 2013. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005, Muhimbili walikwisha kuianza 2011, lakini hapa kwetu ilifika Kidongo Chekundu 2015. Dawa hiyo ya maji hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na nguvu yake hudumu kiasi cha saa 24 au zaidi, ilhali unga huisha baada ya saa chache na kumrejesha mtu mbioni kutafuta mwengine. Anayepewa kipimo chake sawasawa halewi: hupoa arosto, hupungukiwa na uchu, hula, hulala, na anaweza kushika kazi. Kijana yule aliyesemwa barazani ni fundi seremala, na mlango wa nyumba ambayo mzee wetu anaingia kila siku ameutengeneza yeye.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mzee ana chembe ya hoja. Mwili huizoea methadoni, kuiacha kunataka kupunguza polepole chini ya uangalizi, na anayeichanganya na pombe au vidonge vya usingizi anaweza kufa. Nakubali pia kwamba nyumba za upataji nafuu zimewatoa wengi shimoni, wakati ambapo sisi jamaa zao tulikuwa tumekwisha kuwafungia milango.

Ila linaloniuma kuliko neno la barazani ni kulisikia neno hilohilo kwa waliopita njia hiyo. Nimehudhuria mkutano wa kundi moja la waliopata nafuu ambamo anayekunywa methadoni huruhusiwa kukaa na kusikiliza, lakini hapewi nafasi ya kusema, kwa vile hahesabiwi kuwa safi. Jumuiya ya waraibu waliopata nafuu iliyoanzia California mwaka 1953, ambayo hatua zake kumi na mbili ndizo zinazosomwa katika kundi hilo, ina sharti moja tu la uanachama, nalo ni nia ya kuacha kutumia. Mtu anayetoka Nungwi kwa gari la alfajiri, kila siku, hadi Kidongo Chekundu, anaombwa ushahidi gani mwengine wa nia?

Tena kliniki peke yake haitoshi, na hapo ndipo wenzao waliokwisha kupata nafuu wanapohitajika mno. Dozi huanzishwa kwa kiwango kidogo na kupandishwa taratibu, kwa hiyo katika siku za mwanzo arosto bado humtafuna mgonjwa usiku, na wengi hukata tamaa hapohapo. Daktari wakati huo yuko kwake amelala. Anayeweza kukaa naye hadi kuche, akamwambia "na mimi siku ya tano nilitaka kukimbia", ni yule aliyewahi kulala katika pagala lilelile. Watu hawa wapo mjini hapa, wengi wanajitolea kwa nauli tu, na wanastahili kulipwa mshahara kama watumishi wengine wa afya.

Jumatatu nilikwenda kwa mzee, nikamweleza habari za mdogo wangu tangu mwanzo, kwani alikuwa anajua kwamba amefariki bila ya kujua namna alivyofariki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi, kwa sababu ana mjukuu.