Mbwa wa Visiwani kati ya Nyama Mbichi na Chakula cha Mfuko

Suali la kwamba mbwa alishwe nyama mbichi au chakula kikavu cha kiwandani limeingia Unguja na Pemba pamoja na wageni waliojenga nyumba na hoteli kuanzia Nungwi hadi Jambiani, na sasa limewafikia hata wenye mashamba wanaofuga mbwa wa ulinzi. Wazee wetu hawakuwa nalo. Mbwa wa shamba alikula ukoko, vichwa vya samaki na uji wa pumba, na mbwa wa msasi alitupiwa sehemu ya windo papo hapo msituni, wala hakuna aliyeuita ulaji huo mfumo wa lishe.

Wanaotetea nyama mbichi humrejea zaidi Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, aliyeanza kuieneza rai hiyo mwaka 1993. Kwa maelezo yake, mbwa ni wa ukoo wa mbwa mwitu (yule aitwaye "wolf" kwa Kiingereza), hivyo anastahili mifupa mibichi yenye nyama, maini na mboga kidogo. Wafuasi wake husifu manyoya yanayong'aa, meno safi na kinyesi kidogo kilicho kikavu, na si haki kuyapuuza yote hayo. Nyama humeng'enywa karibu yote tumboni mwa mbwa, kwa hiyo kinyesi hupungua kweli, na kuguguna mfupa hukwangua ukoga, ingawa mfupa huo huo ndio unaovunja meno na kuziba utumbo. Hoja ya ukoo, hata hivyo, imepungua nguvu. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Erik Axelsson wa Sweden walionyesha kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, ilhali mbwa wa kufugwa ana nakala kuanzia 4 hadi 30. Mnyama huyu amekaa kando ya jiko la binadamu muda mrefu hata tumbo lake limezoea chungu chetu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kumwona mbwa wa Makunduchi akimaliza sahani ya muhogo asingehitaji maabara kumthibitishia.

Uzito wa shauri hili, kwa maoni yangu, hauko katika asili ya mbwa bali katika uhifadhi wa chakula chake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipopima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani kati ya 2010 na 2012, ilikuta vijidudu vya maradhi vya salmonela katika 15 na vya listeria katika 32. Hiyo ni nchi ambayo nyama hutoka machinjioni ikiwa ndani ya baridi na kufika jikoni ikiwa bado ndani ya baridi. Kwetu nyama hununuliwa asubuhi ikiwa na joto lake, imetundikwa hadharani, kisha hubebwa ndani ya daladala. Mwenye friza atasema kwamba ataigandisha, na barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa huua minyoo mingi, lakini salmonela huilaza tu na ikiyeyuka huamka. Isitoshe, wakaazi wa Unguja hawajasahau kiza cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009, wakati waya wa baharini ulipotunyima umeme na kila friza ikageuka kabati.

Liko pia suala la tegu. Mbwa akila mapafu au maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye vifuko vya tegu, hutoa mayai kwa kinyesi, na binadamu akiyameza huota vifuko vya maji katika ini au mapafu yake. Mila yetu ya Kishafii, ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, chombo alichokiramba mbwa, imetuzoesha kuweka chombo chake mbali na vyetu, na kwa njia hiyo imetukinga nusu. Nusu ya pili haimo bakulini: imo katika kisu, ubao na mkono wa aliyeikata nyama kabla mbwa hajaigusa, na hivyo ndivyo vinavyorudi jikoni kukata nyanya.

Samaki mbichi nao wana yao. Dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayelishwa hao kila siku huishia kuyumba na kushikwa na kifafa. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho. Bunju ni shauri jingine, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa moto wala kwa barafu.

Chakula cha mfuko, kwa upande wake, kina sifa moja ambayo wenye nyama mbichi huikosa mara kwa mara, nayo ni vipimo. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, na mtoto wa mbwa anayekuzwa kwayo hupinda miguu. Kiwanda kinachofanya kazi yake vyema hulipima hilo. Lakini hakuna usalama wa moja kwa moja: mwaka 2012 watu 49 wa Marekani na Kanada waliugua salmonela iliyotokana na chakula kikavu cha mbwa, na mwishoni mwa 2020 mbwa wengi wa Marekani walikufa kwa sumukuvu iliyokuwamo ndani ya mifuko. Kuvu hupenda unyevu, na unyevu ndio hewa yetu. Mfuko uliofunguliwa ukakaa wiki sita katika stoo ya Wete wakati wa masika una mafuta yaliyochacha, na pengine ukungu usioonekana, hata kama karatasi yake bado inasifu vitamini. Karatasi hiyo pia huandika "mazao ya wanyama" bila kutaja mnyama gani, na Mwislamu anayeyachota kwa mkono ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo, baina ya viwili hivi, mimi kwa mbwa mzima naiachia nafasi sufuria: wali au sembe, vichwa vya samaki au nyama ya bei nafuu vikapikwa, na maganda ya mayai yaliyosagwa ili apate kalsiamu, kijiko cha chai kisichojaa kwa siku kwa mbwa wa kilo 20. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo warowekwe kwanza na maji yamwagwe. Mchuzi uliobaki asipewe, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa, wala mfupa wa kuku uliopikwa, ambao hupasuka vipande vyenye ncha.

Mtoto wa mbwa ndiye ninayemkubalia mfuko hadi atimize mwaka, maana kosa la kalsiamu kwake halirekebishiki. Mfuko huo uwe mdogo, uliofungwa, wenye tarehe inayosomeka, si lile gunia lililofunguliwa mlangoni mwa duka na kupimwa kwa kilo.