Yeboyebo Pugu, jamani!

Hivi tangazo la safari ya kutembea msituni huwa mnalisoma? Gari linaondoka saa 12 asubuhi. Saa 1:30 mtu anapiga simu: "Nipo Buguruni, foleni." Foleni gani, Jumapili? Matokeo yake tunaingia msitu wa Pugu Kazimzumbwi saa 4, jua limeshachachamaa.

Halafu viatu! Raba nyeupe mpya, chini hazina hata meno. Wengine yeboyebo kabisa! Vilima vya Pugu vina kaolini. Udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni. Mteremko wa kwanza tu, chali. Kiatu kipya kivae wiki mbili mtaani kwanza. Kamba zikaze kifundoni kabla ya kuteremka, la sivyo vidole vinagonga mbele na kucha zinakufa. Na soksi ikilowa, badilisha! Au unayapenda malengelenge?

Maji sasa. Mtu mzima, mwendo wa masaa manne, kabeba chupa ya nusu lita! Beba lita 2, ndugu yangu. Mbona spika hukuisahau?

Na wewe unayetaka kugeuza: njia ni ya kuzunguka. Ukishavuka nusu, kurudi ndiko mbali. Tembea!