Chuo kikuu kimlee mwanafunzi hadi wapi?

Katika nchi nyingi, anayeingia chuo kikuu akiwa na miaka 18 tayari ni mtu mzima kisheria. Ndiyo maana wapo wahadhiri wanaoshikilia kwamba kazi yao ni kufundisha tu, malezi yaliishia sekondari.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Vyuo vilipojipa mamlaka ya mzazi, vilipanga saa ya kurudi bwenini na kufukuza watu bila kuwasikiliza. Mwaka 1961, katika kesi ya Dixon dhidi ya bodi ya elimu ya jimbo la Alabama, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la nidhamu pasipo kumpa taarifa na nafasi ya kujitetea. Wanafunzi wa kesi hiyo walitimuliwa kufuatia maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi. Wanaotamani ulezi wa zamani wakumbuke na hilo.

Hata hivyo, kuacha kumtawala kijana si ruhusa ya kumtelekeza. Tazama kazi ya kwanza ya muhula wa kwanza. Aliyezoea kuongoza darasa anarudishiwa karatasi yenye 41 kwa wino mwekundu, bila hata sentensi moja ya maelezo. Ni rahisi mno aamini kwamba hapa si mahali pake, badala ya kujiuliza abadili vipi usomaji wake. Mwaka 2011 wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walielezwa kwamba hofu ya kujiona mgeni chuoni huwapata wengi na hupungua. Zoezi lilichukua kama saa moja, na alama za wanafunzi Weusi zilipanda kwa miaka mitatu iliyofuata. Ni jaribio dogo la chuo kimoja, tusilifanye dawa ya wote. Ila linanishawishi kwamba neno la mapema lina uzito.

Kwa hiyo sioni kwamba jibu ni kuongeza ofisi. Ushauri nasaha unahitajika, hasa kwa wenye sonona, lakini mara nyingi aliyeelemewa zaidi ndiye anayeshindwa kubisha hodi. Mhadhiri anayemwita kila mwanafunzi kwa dakika kumi, wakapitia ile karatasi pamoja, anamfikia hata huyo.

Ugumu uko hapa: mwenye wanafunzi 300 hawezi, na anayepandishwa cheo kwa machapisho peke yake hana sababu ya kujaribu. Chuo chenye nia kitagawa wanafunzi hao kwa wakufunzi wengi zaidi, na muda huo kitauhesabu kama kazi. Nayo maamuzi ya kubadili kozi au kuahirisha mwaka yabaki kwa mwanafunzi mwenyewe, hata mzazi akipiga simu kutaka vinginevyo.