Kabla ya kubadili kompaila, endesha tena

Mtu akikwama akijenga mfumo endeshi kama FreeBSD au Gentoo kutoka msimbo chanzo, ushauri wa kwanza anaopewa ni kubadili toleo la kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa. Ushauri huo mimi siuafiki. Kompaila kama GCC na Clang zina kasoro zake, hakuna anayebisha, lakini misimbo hiyo hiyo inajengwa kila siku kwenye mashine zisizohesabika. Kompaila ikianguka kwako peke yako, mtuhumiwa wa kwanza ni mashine yako.

Kuthibitisha hakuna gharama. Usifute kitu, usiguse mpangilio wowote. Endesha tena `make`, amri ya ujenzi, uone itafia wapi. Kama mara ya kwanza ilikufa na signali 11 (programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) kwenye faili fulani, kisha mara ya pili ikaipita faili hiyo salama ikaanguka mbele zaidi, achana na kompaila. Ukiipa faili ileile na vigezo vilevile, hufuata njia ileile. Haiugui saa nne ikapona saa tano. Kwenye baadhi ya mifumo, GCC yenyewe hurudia kazi baada ya kuanguka, na kosa lisipojirudia inakuandikia kabisa kwamba huenda tatizo ni la maunzi au mfumo endeshi. Sijui kwa nini mstari huo hausomwi.

“Mbona video zinacheza vizuri?” Zitacheza tu. Biti moja ya RAM ikigeuka katikati ya filamu, nukta moja inabadilika rangi na hakuna anayeiona. Ndani ya kompaila, biti hiyo inaweza kuwa sehemu ya anwani ya kumbukumbu. Ikigeuka, programu inagonga pasipo na kitu na kufa papo hapo. Isitoshe, `make buildworld`, amri ya kujenga FreeBSD, hukamua koa zote za prosesa kwa muda mrefu na kujaza RAM, joto likipanda. Laptopu zetu za mtumba, feni imejaa vumbi na pesti ya prosesa imeshakauka, hukiri hapo. Rudisha kasi ya RAM kwenye kiwango cha kawaida, acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikeshe, halafu jaribu kipande kimoja kimoja cha RAM.

Na mashine mpya haina kinga. Mwaka 2017 waliokuwa wakikompaili kwa nyuzi nyingi (kazi nyingi kwa pamoja) kwenye Linux ndio waliobaini kwamba baadhi ya prosesa za kwanza za Ryzen, za kampuni ya AMD, ziliangusha GCC ovyo. AMD ilikiri Agosti mwaka huo, na walioathirika wakabadilishiwa.

Kuna kifo kingine kinachochanganywa na hiki: `cc1plus`, sehemu ya GCC inayokompaili C++, kuuawa kwa signali 9. Hapo kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imeishiwa RAM ikaitoa kafara, na `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itakuonyesha. Gentoo hushauri angalau GB 2 kwa kila kazi, kwa hiyo mwenye GB 8 asipite `-j4` (kazi nne kwa mpigo), hata awe na koa nane. Kuunganisha vipande vya LLVM, mradi mama wa Clang, kunakula zaidi. Kuna kigezo `LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS`, idadi ya kazi za kuunganisha kwa mpigo, kiweke 1.

Ikifia faili ileile kila mara, sasa tuhumu kompaila, ila baada ya kuondoa `-O3`, `-march=native` na LTO, vigezo vya kuharakisha programu, mapambo ambayo wengi huyanakili bila kujua yanafanya nini. Isipopona, Clang huwa imeacha faili mbili ndani ya `/tmp`, msimbo uliochakatwa na skripti ya kurudia kosa. Ambatanisha zote mbili unaporipoti. Picha ya skrini haimsaidii mtu.