Shamba Linapoombewa Viwanja Pembezoni mwa Arusha: Kamati Ipime Nini?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Watu hao wanaoongezeka hutafuta makazi Muriet, Olasiti, Moshono, na hata ng'ambo ya mpaka wa jiji kuelekea Kisongo na Ngaramtoni, kwa sababu huko ndiko kiwanja kinakopatikana kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuifikia. Ndiyo maana maombi ya kugawa mashamba kuwa viwanja vya makazi yamekuwa kazi ya kawaida ya kamati za mipango miji. Mara nyingi mchoro unaowasilishwa una sura ileile: ekari kadhaa zilizokuwa zikilimwa mahindi na maharage, ukoo unaotaka kuuza au kampuni iliyokwisha kununua, safu za viwanja vya mita 20 kwa 20, na pembeni korongo. Binafsi naona kamati ikitumia kikao chake kubishania iwapo viwanja viwepo au visiwepo, imekosea swali. Linalopaswa kupimwa ni mpangilio wa hatua, yaani ni vitu gani viwe tayari ardhini kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa.

Wanaounga mkono ugawaji wana hoja nzito, na si haki kuwachukulia wote kuwa madalali wanaosaka haraka ya faida. Kiwanja kilichopimwa kina mipaka inayojulikana, kinaweza kupata hatimiliki, na mjane au yatima aliyeachiwa ana karatasi ya kumkinga dhidi ya shemeji au jirani anayesogeza uzio. Zaidi ya hayo, kukataa mchoro hakuzuii shamba kugawanywa. Mwenye shamba aliyekataliwa hurudi nyumbani akapima kwa kamba na hatua za miguu, mashahidi wakasaini karatasi ya mauziano, na baada ya miaka michache nyumba zinakuwa zimejaa pasipo na njia ya gari la zimamoto kupita. Kisha huja urasimishaji, yaani kupima na kuyatambua rasmi makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, ambao wakazi huuchangia wenyewe, na ambao hauwezi kupanua barabara bila kuvunja ukuta wa mtu. Anayepinga kila mchoro kwa jina la kuzuia ujenzi holela huenda ndiye anayeuzalisha.

Upande wa pili nao hausukumwi na wivu wa majirani. Arusha imekaa chini ya Mlima Meru, na maji ya mlima huo hushuka kwa nguvu katika mito ya Themi, Naura na Ngarenaro na katika makorongo mengi ambayo kiangazi hukauka kabisa. Shamba linanyonya sehemu kubwa ya mvua inayoliangukia. Paa la bati na ua wa saruji havinyonyi chochote. Kwa hiyo kila mchoro unaopitishwa upande wa juu huongeza maji kwa wanaoishi chini, hata kama hakuna mtu aliyejenga ndani ya korongo. Aprili 2024, katika kata ya Muriet, gari lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko na watoto wakapoteza maisha. Baada ya msiba kama huo, haiwezekani kamati yoyote ya mkoa huu ikauchukulia mstari wa korongo kwenye mchoro kama mapambo ya ramani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwombaji hujibu kwamba korongo lake si mto kwa kuwa halina maji miezi mingi ya mwaka. Jibu hilo halinishawishi, maana hatari ya bonde haipimwi kwa hali yake ya Januari. Hata hivyo, ni kweli kwamba mita 60 kila upande zinaweza kumeza shamba dogo lote, na mwenye shamba la ukoo hana fidia anayoahidiwa. Hapo kamati inapaswa kumsikiliza, na kumsaidia kutafuta matumizi yanayostahimili maji, kama bustani, malisho au miti, badala ya kumtupia kifungu tu.

Tatizo jingine liko kwenye hesabu. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Ukiikata yote kwa viwanja vya mita za mraba 400 unapata kumi. Ukitenga asilimia 30 kwa barabara, mifereji na eneo la wazi, unabaki na saba. Viwanja vitatu kwa kila ekari ni fedha nyingi, na ndiyo sababu eneo la wazi lililoonekana kwenye mchoro uliopitishwa huweza kuibuka baadaye likiwa na msingi wa nyumba. Mnunuzi hana namna ya kulitambua kama hakuna alama ardhini, na mtaa hauna nguvu ya kulidai kama halijawahi kukabidhiwa kwa halmashauri.

Suala la maji ya kunywa nalo lisiachwe kwa ahadi. Maji ya ardhini kuzunguka Meru yana floraidi nyingi katika maeneo mengi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mradi unaosema wakazi watachimba kisima chao ulete majibu ya maabara kabla ya uamuzi, kwa sababu watoto watakaokunywa maji hayo wataharibika meno, na maji yenye floraidi nyingi zaidi hupinda mifupa.

Kwa hiyo ningependelea mchoro wa namna hii upitishwe kwa masharti yanayotangulia mauzo. Barabara zichongwe na kalavati zijengwe kwa gharama ya anayegawa. Bikoni, yaani alama za mipaka ardhini, za eneo la wazi na za ukingo wa korongo ziwekwe kwanza, na maeneo hayo yakabidhiwe kwa maandishi. Ukoo usio na mtaji wa kuchonga barabara uruhusiwe kuuza kwa awamu, sehemu ndogo ikigharamia inayofuata, ili masharti yasigeuke kuwa neema ya kampuni kubwa pekee.

Na kwa kuwa maji hayajui mpaka kati ya Jiji, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Meru, halmashauri iliyo chini ya mteremko ipewe nakala ya mchoro na nafasi ya kutoa maoni kabla ya kikao. Mpango Kabambe wa Arusha, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji, unaoishia mwaka 2035 ulikwishatazama nje ya mipaka ya jiji. Vikao vya michoro vinaweza kufanya vivyo hivyo. Wajumbe wakienda kukagua eneo, waende wakati wa masika, wakiwa na wakazi wa upande wa chini.