Mpira wa sivi jointi umepasuka: uvishe mpya au ung'oe shafti nzima?

Ukienda Soko la Kisekka, Kampala, kuulizia mpira wa sivi jointi (kifuniko kinachotunza grisi ya kiungo kilichoko mwishoni mwa shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye gurudumu la mbele), muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kwanza: gari linalia ukikata kona? Ukisema bado, atakuuzia mpira, klampu na grisi. Ukisema linalia, atakuonyesha shafti za mtumba zilizofunguliwa kwenye magari ya Japani. Kwa fundi mambo hugeuka. Kuna wasiotaka hata kuusikia mpira: wakishafungua, wanaweka shafti nzima, basi.

Hoja yao ina uzito. Mpira ni kitu cha bei ndogo. Kinachokula pesa na muda ni mkono wa fundi. Ubadilishe mpira, ubadilishe shafti, nati kubwa ya katikati ya gurudumu lazima ilegezwe, boli jointi ifunguliwe, shafti ichomolewe. Dereva wa Premio ya kukodi akivisha mpira leo, kisha jointi ianze kulia mwezi ujao, amelaza gari mara mbili na kulipa ufundi uleule mara mbili. (Wenye teksi za Hiace za abiria 14 wanaweza kuusoma ubishi huu huku wakicheka: nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo hazina sivi jointi mbele.)

Lakini shafti ya mtumba nayo inakuja na umri wake. Mipira yake ni ya miaka ileile kama ya gari lako, na hujui ilikopita. Meno ya nchani mwake, yanayoingia kwenye gurudumu na giaboksi, yasipolingana na ya kwako, safari imerudi Kisekka. Ikichomolewa vibaya, sili ya giaboksi inaanza kuvuja oili, na hapo umejiongezea kazi ambayo hukuwa nayo asubuhi.

Kwangu mimi swali ni muda ambao mchanga umekaa ndani. Mpira wa nje ndio hutangulia kupasuka kwa kawaida, maana unakunjwa kila usukani unapogeuzwa. Huanza na ufa kwenye mikunjo, kisha grisi nyeusi inarushwa ndani ya rimu. Ukiuona ufa ukiwa mbichi, mpira mpya unatosha, na jointi iliyotoka kiwandani na gari inabaki mahali pake. Ukizunguka nao miezi kwenye barabara za moramu, zisizo na lami, vumbi jekundu linachanganyika na grisi na kuwa msasa unaosaga gololi na njia zake. Mvua ikinyesha, maji yanamaliza kilichobaki.

Kwa hiyo usikubali uamuzi wowote kabla ya kufungua. Chukua grisi ya ndani, isugue kwa vidole. Ikiwa laini, safisha, tia grisi mpya, vika mpira. Ikikwaruza kama mchanga, au ikimeta vumbi la chuma, osha gololi uzitazame: zikiwa na vishimo, mpira mpya utakuwa unafunika jointi iliyokwisha kufa.

Mpira wa kupasua, ule unaogundishwa bila kuchomoa shafti, naukubali mtu akiwa amekwama mbali na gereji. Gundi yake inataka pakavu na pasafi, na chini ya gari la huku hupati kimoja wala kingine. Kipande cha tyubu kilichofungwa kwa waya nimekiona. Hakistahili sentensi ya pili. Grisi nayo si yoyote ile. Jointi inataka ile nyeusi yenye molibdeni, si ya njano inayopimwa kwenye kavera, mfuko wa plastiki.

Gari langu mwenyewe niliuona ufa nikasema mwisho wa mwezi. Mwezi ukawa mitatu. Sasa nikizunguka kipilefti cha Kibuye, upande wa kushoto unapiga ka-ka-ka hadi mwenda kwa miguu anageuka, na Jumamosi nitakuwa Kisekka na shafti ya zamani mkononi, nahesabu meno.