Nilipata viza, nikakosa visa

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, nilitoka na mfuko wa chupa tupu za jemu na achari nikaenda kuzitupa. Hapa chupa haitupwi ovyo. Kando ya barabara kuna mapipa matatu makubwa, la chupa nyeupe, la kijani na la kahawia, kila moja na tundu lake. Nikatupa ya kwanza: kwalaa! Ya pili: kwalaa! Ya tatu haijafika chini, dirisha la ghorofani likafunguka, mzee akatoa kichwa, nywele zimemsimama, akapiga ukelele ambao sijausikia tena mtaani kwetu: "Sonntag!" Yaani Jumapili. Basi. Hakutukana, hakueleza. Aliitaja siku kwa jina lake, akafunga dirisha.

Nikarudi nyumbani na chupa nane zilizobaki, natembea kwa kunyata zisigongane.

Kisa hicho nimewasimulia watu wa kwetu Pangani, pwani ya Tanga, mara sita kwa simu, na kila mara nakiongeza chumvi kidogo, maana ndicho pekee nilichokuwa nacho mwezi ule. Hapo ndipo lilipo jambo langu. Viza niliihangaikia: picha, cheti cha lugha, barua ya mwajiri, foleni, rudi kesho. Hakuna aliyeniambia kwamba nikishapata viza nitakosa visa. Pangani ukitumwa chumvi dukani unarudi na habari tatu. Hapa nakwenda dukani, naokota chumvi, nalipa, narudi na chumvi.

Naishi Mölln, kaskazini mwa Ujerumani, mji wa watu karibu elfu ishirini uliozungukwa na maziwa, si mbali na Lübeck. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Wenzangu walioangukia Hamburg na Berlin hunionea huruma, lakini mimi ni mtoto wa mji mdogo, sitishwi na mtaa mkuu unaokwisha kabla hujamaliza kutafuna andazi. Tena mji wenyewe una mtu wake, Till Eulenspiegel, ambaye ukimvika kanzu na kilemba utasema huyu ni Abunuwasi. Alizunguka miji akiwafanyia vituko mafundi na wakubwa wenye majivuno, kwa kulifuata kila neno aliloambiwa kama lilivyo. Wanasema alifia hapa mwaka 1350, na siku ya kumzika kamba moja ikakatika, jeneza likatumbukia shimoni wima, miguu chini. Waombolezaji wakasema mwacheni hivyohivyo, aliishi kivyake na akae kivyake. Sanamu yake imeketi uwanjani, chini ya kanisa la Mtakatifu Nikolai, na kidole gumba na ncha ya mguu vinang'aa kwa kusuguliwa na watafuta bahati. Nami huvisugua. Mtu wa Pangani hapitwi na bahati ya bure.

Sisemi mji hauna kovu. Binamu yangu alipouandika jina kwenye simu yake, aliyoyaona ni ya Novemba 1992, usiku ambao watu wa chuki walizichoma moto nyumba mbili za familia za Kituruki hapa, akafa bibi mmoja na wasichana wawili. Alinipigia usiku wa manane kuuliza kama nafunga mlango. Nafunga.

Tuje kwenye salamu. Hapa wana neno moja, "Moin". Asubuhi Moin, jioni Moin, msibani sijui, labda Moin. Ukisema "Moin, moin" watu wanakuona mpiga domo. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, za toka jana, za nyumbani, watoto hawajambo, na yule kuku alipatikana? Miezi ya mwanzo nilikuwa nasimama kusubiri mkia wa salamu. Mwenye salamu yuko konani keshapinda.

Ila nikitaka kuzilinganisha nchi hizi mbili, nasimulia vyombo viwili vilivyokwama.

Cha kwanza ni kivuko cha Pangani, kinachotuvusha mto kwenda Bweni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, navuka kwenda kuchukua baiskeli yangu niliyoiazimisha. Ndani tulikuwa na bwana harusi, kanzu na joho, akiwahi kuoa ng'ambo, mashangazi zake na masinia yao, mbuzi wawili, pikipiki nne, mzee mmoja na mkungu wa ndizi. Maji yalikuwa yamekupwa. Katikati tukapanda fungu la mchanga, tukatulia tuli. Dakika tano za kwanza kila mtu alikuwa nahodha. Dakika kumi, tayari inajulikana nani ni ndugu wa nani na nani anadaiwa na nani. Nusu saa, mashangazi wamepindua ndoo wanazipiga kama ngoma, muuza maandazi kamaliza beseni zima, yule mzee anampa bwana harusi mawaidha ya chumbani mbele ya abiria wote, na mbuzi mmoja kisha kula pembe ya kanga iliyofungia zawadi ya mama mkwe. Bwana harusi alitoka jasho mpaka joho likabadilika rangi. Maji yalipojaa tukanyanyuka wenyewe, tukafika Bweni kwa vigelegele. Nilirudi nyumbani kesho yake, nimeshiba pilau. Baiskeli niliisahau.

Cha pili ni treni, kati ya Büchen na Mölln. Dhoruba ilikuwa imeangusha mti juu ya reli. Tukasimama msituni dakika arobaini na tano. Behewa zima kimya, nasikia saa ya mtu inavyogonga. Bibi mmoja aliyeketi mbele yangu akatoa tufaha, akatoa kisu kidogo, akalikata vipande vinane sawasawa, akavipanga juu ya kitambaa cha karatasi. Nikakaa vizuri. Kwetu mtu akikata tunda vipande vinane mbele ya watu, ana wageni. Akala cha kwanza. Akala cha pili. Mwenzenu nilihesabu mpaka cha nane. Alipofuta kisu chake akashusha pumzi, akatazama dirishani, akasema: "Na ja."

Nilikuwa nimeanza kusinzia, nikasikia Kipwani kabisa: naja. Ulimi ukataka kujibu, waja wapi, bibi? Baadaye nikafundishwa kwamba ni neno lao la kufungia jambo lisilo na dawa. Ndiyo basi, tutafanyaje, imeshakuwa.

Sasa msije mkadhani Wajerumani hawana roho. Ninalolidai ni dogo zaidi ya hilo: maisha yao yamepangwa vizuri mno kiasi kwamba hakijitokezi chochote ambacho hakikuandikwa kwenye kalenda, na kisa hakiandikwi kwenye kalenda. Jirani yangu wa chini, ajuza wa miaka themanini na ushee, alinikaribisha kahawa wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Wiki tatu! Akaniambia saa "halb vier". Nikafasiri kama tulivyozoea, nne na nusu, na kwa saa yetu ni kumi na nusu alasiri. Kumbe kwa Mjerumani "nusu nne" ni saa iliyo nusu ya njia kuiendea nne, yaani tisa na nusu kwetu. Nikabisha hodi nimechelewa saa nzima, na maua mkononi. Keki iko mezani, haijaguswa. Kahawa imepoa. Hakunigombeza, aliitazama saa ya ukutani, halafu mimi, halafu saa.

Ili kuokoa jahazi nikamwambia kwamba sisi pia tuna maneno yao. Shule tunaita shule, kama "Schule" yao. Pesa tunaita hela, kutoka "Heller", sarafu waliyoileta enzi za utawala wao. Alifurahi kama mtoto, akaniomba nirudie. Kisha akauliza hao Wajerumani walikuja kwetu kufanya nini. Nikamwambia kwamba katika mji wangu, Desemba 1889, walimnyonga Abushiri bin Salim kwa sababu aliongoza watu wa pwani kuwakataa. Hilo shuleni hakulisoma. Alikaa kimya kitambo, akanikatia kipande cha pili cha keki, kikubwa kuliko cha kwanza. Tangu siku hiyo hunigongea bila miadi. Huja kuniuliza maneno mengine.

Kwa hiyo visa vipo, nakiri, ila hapa hupatikana kwa kukosea. Asiyekosea hana la kusimulia. Nami nimejaliwa.

Kikubwa kuliko vyote ni cha samaki. Babu yangu alikuwa mvuvi, wajomba zangu wavuvi, mimi mwenyewe nilijua kuvua kabla ya kujua kuandika. Kufika huku nikaona maziwa kila upande, nikanunua fimbo ya kuvulia, nikaketi ukingoni kwa raha zangu. Akapita bwana mmoja na mbwa wake. "Moin. Una cheti?" Cheti cha nini? Cha kuvua! Samaki wa Mungu, maji ya Mungu, cheti. Nikadhani ni Eulenspiegel kafufuka. Lakini ni kweli: unasoma darasa, unafanya mtihani, ukifaulu ndipo unaomba leseni, na ziwa lenyewe lina kibali chake mbali.

Basi nikaenda darasani, mtoto wa mvuvi. Mwalimu akauliza nani amewahi kuvua, nikanyoosha mkono. Kwa idhini ya nani? "Ya babu." Darasa likaangua kicheko, cha kwanza nilichokisikia kwa watu wengi pamoja tangu nije. Tulisoma kupima urefu wa samaki kabla ya kuamua kama unamchukua, ilhali kwetu kipimo ni sufuria. Tulisoma kwamba lazima umpige samaki kichwani azimie ndipo umchinje, asiteseke. Na lililonishangaza zaidi: hairuhusiwi kuvua kwa mchezo, umvue samaki umpige picha umrudishe. Ukimtoa na anafaa kuliwa, mle. Hapo nikaona babu angeafikiana nao. Yeye aliwachukia watalii waliobusu samaki na kuwatupa, kama alivyowachukia wapiga baruti. Tena tusifichane, pwani ya Tanga tunajua baruti imefanya nini kwenye matumbawe. Mtihani ule ningeweza kuubeba ningeshuka nao mzimamzima mpaka mwaloni. Asubuhi ya mtihani nilimsugua Till kidole na mguu, vyote viwili. Nilifaulu. Samaki wa kwanza mwenye leseni alikuwa mkunga mwembamba kama kamba ya kiatu, chini ya kipimo, nikamrudisha majini kwa mujibu wa sheria.

Mwaka jana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp wakaweka picha za daraja linalojengwa kuuvuka mto, mita 525. Watu wanashangilia. Mimi, kwa ujinga wa mtu aliyeshiba, nikaandika: jamani, kivuko kikiondoka visa vyote vitaondoka. Nikaweka na kikatuni cha machozi.

Mama mdogo wangu, anayeishi Bweni, hakuandika. Alipiga.

"Baba, kile kisa chako cha bwana harusi nimekisikia, nimecheka. Changu wakijua? Mwanangu yuwachemka homa, usiku, nimekaa ukingoni naziangalia taa za Pangani mpaka alfajiri. Mbona hukisimulii hicho?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, naye akasamehe haraka, kama kawaida yake, akahamia kwenye bei ya nazi. Lakini neno limenikaa. Kukwama kule kulikuwa kutamu kwangu kwa sababu aliyekuwa anawahi si mimi, nilikuwa nakwenda kuchukua baiskeli. Na sisi tulio huku, tukikusanyika kwenye pilau za Hamburg, hatuchoki kulisifu tope la nyumbani ambalo hatulikanyagi, huku kila mmoja akitazama saa asikose treni ya saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Na lije daraja. Masinia na mbuzi watavuka juu kwa juu, na watu wa Bweni hawatashindwa kubuni namna nyingine ya kuchelewa harusini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka Lübeck, mama akapiga. Nikaongea kwa sauti ya chini, maana behewani huku simu ni siri ya mtu na aibu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?" Nikamtajia. Akaguna. "Hicho ndicho chakula? Haya, waja lini?"

Huu ni mwaka wa nne anauliza. Nikatazama nje, mashamba yanapita, ziwa la Ratzeburg linakaribia.

"Naja, mama," nikasema, na pumzi ikanitoka yenyewe.

Bibi wa kiti cha pili akainua macho kutoka kwenye gazeti lake, akanitazama kwa huruma kubwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Ja, ja," akasema.